Vali Inayojiendesha na Usalama wa Maji: Somo Kutoka Miteremko ya Mlima Meru

Jiji la Arusha limejengwa chini ya Mlima Meru, kwenye mwinuko wa meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yake hutoka katika chemchemi na visima virefu. Mlima huo ni wa volkano, na maji yapitayo katika miamba yake huyeyusha floridi. Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi hudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani limeshauri kiasi kisichozidi miligramu 1.5 katika kila lita ya maji ya kunywa. Vyanzo vingi vya eneo la Meru hupita kiasi hicho, na ndiyo sababu kikaanzishwa kituo cha utafiti wa kuondoa floridi huko Ngurdoto.

Kuchanganya maji

Njia mojawapo ya kupunguza floridi ni kuchanganya maji ya vyanzo viwili. Chukua mfano wa kisima A chenye miligramu 4 kwa lita, na chemchemi B yenye miligramu 0.5. Sehemu 2 za A zikichanganywa na sehemu 5 za B, hupatikana:

(2 × 4 + 5 × 0.5) ÷ 7 = 1.5

Vali ya A ikifunguka kupita kiasi, au maji ya B yakipungua wakati wa kiangazi, mchanganyiko huvuka mpaka. Mnywaji hatambui, kwa kuwa floridi hiyo haina rangi wala harufu. Hapana budi basi vali irekebishwe usiku na mchana, kazi ambayo mtu mmoja kwenye gurudumu la vali hawezi kuitimiza.

Viungo vya vali inayojiendesha

Kiungo cha kwanza ni kiendeshi, yaani chombo kinachoigeuza vali badala ya mkono. Viendeshi vingine hutumia mota ya umeme. Vingine husukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Cha pili ni kipimo cha mtiririko, ambacho hueleza ni maji kiasi gani yanapita. Cha tatu ni kidhibiti: hulinganisha kipimo hicho na kiasi kinachotakiwa, kisha hutoa amri. Cha nne ni swichi za kikomo, ambazo hutoa habari kwamba vali imefunguka au imefungika kabisa.

Swichi hizo hufaa zifungwe kwenye mhimili wa vali yenyewe, si kwenye mota. Pini inayounganisha mota na vali ikikatika, mota huzunguka ilhali vali imesimama. Amri iliyotolewa si ushahidi kwamba kazi imetendeka.

Umeme unapokatika

Mwenye kubuni mtambo hujiuliza: umeme ukikatika, vali ikae wapi? Kwa kisima A jibu ni moja: ifungwe. Hewa iliyoshindiliwa huishikilia vali wazi dhidi ya springi. Umeme ukikoma, vali ndogo ya sumaku-umeme huachia hewa hiyo, na springi huifunga vali kubwa pasipo kungoja amri.

Hata hivyo, vali haifai kufungwa kwa ghafla. Maji yaendayo kwa mwendo wa meta 1 kwa sekunde, yakisimamishwa mara moja katika bomba la chuma, hupandisha kanieneo kwa kilopaskali 1,000 hivi, sawa na uzito wa safu ya maji ya kimo cha meta 100. Pigo hilo husafiri bombani kwa kasi ya meta 1,000 hivi kwa sekunde, na laweza kupasua bomba. Kwa hiyo hewa hupitishwa katika tundu dogo, ili itoke polepole na springi ifunge taratibu.

Maswali

1. Sehemu za B zikipungua kutoka 5 hadi 3, huku A ikibaki 2, kila lita itakuwa na floridi kiasi gani?

2. Bomba lina urefu wa kilometa 2. Pigo la maji litachukua sekunde ngapi kwenda na kurudi? Kwa nini vali ifungwe kwa muda mrefu kuliko huo?

3. Vali ya maji ya kuzimia moto katika kiwanda ikae wazi au ifungwe umeme unapokatika? Toa sababu.