Mkono Uliotaka Kusaidia

Jumatano

Soma Matendo 18:24–28. Apolo alikuwa na upungufu gani katika mafundisho yake? Prisila na Akila walimsahihishaje?

Mwezi Agosti mwaka 2012, habari moja kutoka Borja, mji mdogo nchini Hispania, ilienea duniani kote. Katika kanisa moja la Kikatoliki kulikuwa na mchoro wa ukutani wa Yesu akiwa amevikwa taji la miiba, kazi ya mchoraji Elías García Martínez ya karibu mwaka 1930. Unyevu ulikuwa umeula ukuta, na rangi zilikuwa zikibanduka. Mama mmoja wa hapo, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, alisikitika kuona uso wa Mwokozi ukipotea. Akachukua brashi akaanza kuutengeneza. Hakuwa fundi wa kazi hiyo, na uso uliotokea haukufanana kabisa na ule wa kwanza.

Mama huyo alieleza kwamba hakufanya kwa siri. Alipaka rangi mchana, na padri alijua. Lakini picha zilikuwa zimekwisha kusambaa. Watu wa mataifa mengi walicheka, wakisema mchoro ule sasa unafanana na tumbili. Yeye aliyetaka kusaidia alishikwa na fadhaa hata akalala kitandani.

Sisi hatusujudu mbele ya picha (Kut. 20:4, 5), lakini jambo hili linatuhusu. Yupo shemasi aliyepaka kanisa rangi isiyofaa, dada aliyeshona mapazia yakawa mafupi, kijana aliyesoma fungu akakosea mbele ya wote. Walijitolea wakati wengine tumekaa. Kisha kicheko kikaanza, pengine hata katika kundi la simu la kanisa.

Huruma haisemi kwamba kosa si kosa. Mchoro wa Borja uliharibika kweli. Mafundisho ya Apolo nayo yalikuwa na pengo, kwa maana alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila hawakulinyamazia pengo hilo, wala hawakusimama katika sinagogi kumwaibisha. Walimchukua kando, wakamfafanulia kwa usahihi zaidi njia ya Mungu. Bidii yake waliiacha ikiwaka. Walichoongeza ni maarifa. Baadaye Apolo alikwenda Akaya, akawa msaada mkubwa kwa waumini. Kama angeaibishwa hadharani, huenda Akaya ingemkosa.

Soma Wagalatia 6:1, 2. Ikiwa Paulo anaagiza aliyeanguka katika kosa arejezwe kwa upole, je, si zaidi sana yule aliyekosea akijaribu kutenda mema?

Huko Borja mambo yaligeuka. Watu wengi walianza kufika kuutazama mchoro ule, kikawekwa kiingilio kidogo, na fedha zake zikasaidia nyumba ya kutunzia wazee. Tunafurahi kusikia hivyo. Hata hivyo, si kila kosa litaleta faida, na huruma haingoji faida ndipo ianze. Yule mama alistahili kuhurumiwa tangu siku ya kwanza, alipokuwa kitandani na dunia inacheka.

Tukumbuke pia kwamba sisi sote tumeuchora vibaya mfano wa Kristo katika maisha yetu. Yeye hakututangaza. Alitusogelea, na bado anaendelea kututengeneza kwa subira. Mwanzi uliopondeka hauvunji (Isa. 42:3).

Tafakari: Je, yupo mtu katika kanisa lenu aliyeacha kuhudumu kwa sababu alichekwa? Je, wewe ulikuwa miongoni mwa waliocheka? Utamwendea lini, na utamwambia nini?