Samaki Wameugua na Tayari Umeshauza: Yaliyonikuta Sakina

Leo sina somo la kupiga picha za bidhaa wala la kuandika maelezo ya kuvutia wateja. Nataka niwape kisa cha tangi langu mwenyewe, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananitumia meseji: "Mambo, samaki wangu wana vitu vyeupe kama chumvi, nifanyeje?" Na wengi wao siku hizi ni wauzaji kama mimi, sio wafugaji wa kujifurahisha tu. Soma hata kama wewe unauza vifaranga au miche. Ukiuza kitu kinachopumua, siku moja kitaumwa kikiwa mikononi mwako au mikononi mwa mteja.

Mimi nauzia nyumbani, Sakina. Chumba kimoja, matangi matatu ya kioo, status ya WhatsApp na ukurasa wa Instagram. Mzigo unatoka Dar kwa basi, samaki wakiwa kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni ndani ya boksi.

Ilikuwa Julai. Anayeijua Arusha anajua Julai ni nini: Mlima Meru umejifunika wiki nzima, asubuhi ukiongea mvuke unatoka mdomoni. Boksi lilifika usiku na samaki 40, wakiwemo goldfish, gapi na moli. Oda zilikuwa zimenisubiri siku nyingi, watu wanauliza kila saa, "vipi, wameshafika?" Basi nikawamwaga wote kwenye tangi kubwa, pamoja na maji ya kwenye mifuko, wakachanganyika na samaki wangu wa zamani 22. Kesho yake umeme ukakatika kuanzia jioni hadi alfajiri. Hita ikazima, kipimajoto asubuhi kinasoma nyuzi 19 wakati siku zote tangi hilo liko 25.

Siku ya nne ndo nikaona madoa. Na hapo katikati nilikuwa nimeshauza samaki 14 kwa wateja watano.

Kwanza nikakosea kutambua tatizo. Huku kwetu kila kitu kikiharibika kwenye maji tunasema ni floraidi. Ni kweli maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na meno yetu yanasema yenyewe bila kuulizwa. Lakini floraidi haichori vidoa vyeupe kwenye mapezi ya samaki ndani ya siku nne, halafu samaki wa zamani walikuwa wameishi kwenye maji yaleyale zaidi ya mwaka. Hilo lilitakiwa kunishtua mapema. Maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni samaki walioingia.

Jirani akanishauri niweke magadi, eti mbona Ziwa Natron lina samaki na ni magadi matupu. Wapo kweli, ni jamii ya perege wadogo waliozoea maji yale kwa vizazi na vizazi. Goldfish wako hajazoea. Magadi yanafanya maji yawe makali, na maji yakiwa makali hivyo ile amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula inageuka sumu zaidi. Nashukuru sikumsikiliza.

Dalili zenyewe ziko hivi. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi, kila kimoja kimesimama peke yake, kwenye mapezi, mkia na mwili. Samaki anajisugua kwenye mawe kama anayewashwa. Mapezi anayabana mwilini. Ikizidi anapanda juu na kuhema karibu na bomba la hewa, maana mdudu ameshaingia kwenye matamvua. Ukiona utando kama pamba, huo ni ugonjwa mwingine, usifuate haya ninayoandika hapa.

Mdudu huyo anaitwa Ichthyophthirius multifiliis. Jina limekaa kwenye vitabu tangu 1876, alilitoa Mfaransa anayeitwa Fouquet, na maana yake ni kama kusema chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Aliyempa jina hakukosea. Kile kidoa unachokiona ni mdudu mmoja amekaa chini ya ngozi anakula. Akishiba anatoka, anazama chini, anajishikiza kwenye jiwe au kioo na kujifunika ganda, halafu anajigawa humo ndani mpaka wanatoka mamia. Hao wadogo wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa.

Shika sana hapo, maana ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Akiwa chini ya ngozi, dawa haimfikii. Akiwa ndani ya ganda, haimfikii. Unamuua wakati mmoja tu, pale anapoogelea. Ndo maana mtu anaweka dawa siku mbili, madoa yanaanguka, anafurahi, anapost "wamepona", baada ya wiki yanarudi mara kumi. Madoa hayakuanguka kwa sababu ya dawa. Yalianguka kwa sababu mdudu ameshiba na ameenda kuzaa.

Joto linaingia hapo. Maji yakiwa nyuzi 25 hivi, mzunguko wote unaisha ndani ya wiki au pungufu. Kwenye baridi unajivuta wiki nyingi, na wewe utatibu wiki nyingi. Kwa hiyo ukipandisha joto unamharakisha atoke mahali anapojificha, na maji yakifika nyuzi 30 na zaidi, wengi wao wanashindwa kuendelea kuzaliana.

Nilichofanya: nilipandisha joto taratibu, nyuzi mbili kwa siku, mpaka 29. Sikwenda zaidi kwa sababu ya goldfish, wao ni samaki wa maji ya ubaridi. Nikaongeza pampu ya pili ya hewa, maana maji ya moto yanashika oksijeni kidogo na hawa wagonjwa matamvua yao yameshachubuka. Ukipandisha joto bila kuongeza hewa utawaua wewe mwenyewe halafu useme ni ugonjwa.

Kisha chumvi ya mawe ya kawaida, ile ya jikoni. Kipimo nilichotumia ni gramu 2 kwa kila lita. Tangi langu ni sentimita 100 kwa 40, na maji yana kimo cha sentimita 30. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita 120. Kwa hiyo chumvi gramu 240. Nilipima kwa mizani ya jikoni, nikaiyeyusha kwenye ndoo pembeni, nikaimimina kwa awamu nne ndani ya siku mbili. Usikadirie kwa kiganja jamani. Kila siku ya pili nilifyonza uchafu wa chini kwa mpira, maana yale maganda yamekaa huko, nikatoa lita 30 na kurudisha lita 30 zenye joto lilelile na chumvi gramu 60. Maji yakipungua kwa kukauka tu, unaongeza maji matupu. Chumvi haipai na mvuke, imebaki mlemle.

Maji ya bomba niliyalaza kwenye pipa usiku mzima, pampu ya hewa ikiwa ndani, klorini itoke. Chakula nikakipunguza nusu. Wenye kambare na jamaa zake wasio na magamba waende polepole zaidi na chumvi, nao hawaivumilii kama wengine. Mimea laini nayo inaungua.

Kuna wanaotumia dawa za rangi, methilini bluu na malakaiti ya kijani. Zinafanya kazi, fuata kipimo cha kwenye chupa na toa mkaa kwenye filta kwanza, la sivyo mkaa unaila dawa yote. Lakini wewe unayefuga perege wa kula, malakaiti isiguse bwawa lako kabisa. Ulaya wameipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa, na mwenye perege wa kuuza sokoni hana sababu ya kuijaribu.

Niliendelea hivyo mpaka wiki nzima ilipita tangu nilipoona doa la mwisho. Jumla siku 16. Kati ya samaki 48 waliobaki kwangu, walikufa 17.

Sasa wale 14 waliouzwa.

Usiku ule nilipojua ni nini, nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Kiukweli nilifikiria kukaa kimya. Hakuna aliyekuwa amelalamika bado. Samaki akifa kwa mteja, mteja mwenyewe hudhani ni maji yake. Ila nilijua kwamba mdudu haishii kwa samaki niliyemuuza, anaingia kwenye tangi zima la mtu.

Wa kwanza kumpigia alikuwa chalii wa Ngaramtoni aliyechukua gapi watano. Naye anauza. Akaniambia, "Kaka, usiliseme hili kwenye status, utatuharibia soko wote. Mimi wawili nimeshawatoa." Tukabishana. Mwisho nikamwambia mimi napost kwamba nimesimamisha mauzo, jina lake silitaji, lakini hao wawili amtafute aliyewachukua. Mpaka leo haninunulii.

Wa pili mama mmoja wa Njiro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, vipi tena usiku huu?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na huyu mkubwa anajisugua tangu jana."

Huyo mkubwa nilikuwa namfahamu. Ni goldfish wa miaka tisa, alinunuliwa na marehemu mumewe. Mama alichukua wale wawili kwangu ili mzee asikae peke yake, ndivyo alivyosema siku ile, mzee, nikacheka. Asubuhi nilipanda daladala nikiwa na hita ya akiba, kipimajoto na chumvi niliyokwishaipima. Tangi lake halikuwa na hita kabisa, maji yalikuwa nyuzi 18. Nilienda mara nne ndani ya wiki mbili, nauli yangu. Mmoja wa wale wawili alikufa. Mzee alipona, ila pezi la mgongo limebaki na pengo.

Baba wa Ngulelo samaki wake watatu wote walikufa, nikamrudishia 18,000 yake siku hiyohiyo kwa simu kabla hajaomba. Dada wa Olasiti alipoteza wawili kati ya watatu, akasema atasubiri wengine badala ya hela. Wa tano alichukua moli mmoja, hajawahi kupokea simu yangu wala kujibu meseji. Imesomwa, tiki mbili za bluu, basi.

Kwenye status niliandika hivi, muichukue kama ilivyo mkitaka: "Mzigo uliofika wiki hii umepata ugonjwa wa madoa meupe. Sitauza mpaka wapone. Kama ulinunua kwangu tangu Jumatatu, nipigie nikuelekeze tiba bure." Nilipoteza oda tatu za siku ya kuzaliwa. Watu wawili wakaniuliza kama hata vyombo vya samaki visiguswe. Hilo swali ni zuri, kwa sababu wavu na mpira wa kufyonzea vinahamisha ugonjwa kutoka tangi hadi tangi. Vyangu sasa kila tangi lina wavu wake, na vikitumika vinaanikwa juani vikauke kabisa. Mdudu huyu hawezi ukavu.

Nilichobadilisha ni kimoja kikubwa. Nimenunua beseni la plastiki la lita 60, hita ndogo na filta ya sponji. Mzigo ukifika, mfuko unaelea dakika ishirini joto lisawazike, samaki anatolewa kwa wavu, maji ya mfuko yanamwagwa nje. Kisha siku 14 karantini. Usidanganyike na samaki anayeonekana msafi. Anaweza kuwa na wadudu wachache kwenye matamvua usiowaona, na aliyewahi kuugua akapona anaweza kubeba kidogo bila dalili, mpaka safari ya basi na baridi vimchoshe.

Siku 14 ni hela iliyolala, najua. Umeme, chakula, na mteja anayesema nitaenda kwa mwingine. Mimi nimeingiza gharama hiyo kwenye bei, goldfish aliyekuwa 6,000 sasa ni 7,500, na naandika kwenye picha tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka karantini. Wapo wanaokimbia bei. Wapo wanaouliza tarehe kwanza kabla ya bei, na hao wamekuwa wengi kuliko nilivyotegemea.

Boksi jipya limefika Alhamisi. Wako kwenye beseni, nyuzi 25, wanakula vizuri. Mama wa Njiro ameshaweka oda ya mmoja, akaniambia nisimharakishe.