Habari ya Kuwafundisha Watoto Wadogo Kiingereza kwa Kujitolea

Wainjilisti na waalimu wa chekechea mnaozitunza sharika zilizo mbali na mji, leo twataka kulitazama neno moja lililozoeleka katika nchi ya Njombe na Makambako. Mtu hujitolea kuwafundisha watoto wadogo Kiingereza. Pengine ni kijana wa ng'ambo aliyetumwa na usharika rafiki, akae nasi miezi mitatu. Pengine ni kijana wetu aliyemaliza kidato cha sita, naye angoja kwenda chuo. Pengine ni mwalimu mstaafu asiyependa kukaa bure. Wote hao twawashukuru. Lakini nia njema peke yake haimwambii mtu la kufanya saa mbili ya asubuhi, katika baridi ya mwezi wa Julai, mbele ya watoto arobaini wa miaka mitano. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: watoto wafundishwe nini, kwa njia gani, na mjitoleaji akiisha kuondoka, abaki nani?

Tuitwae Yakobi kuwa mfano. Kata hii imo katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, lakini maisha ya watu wake ni ya shamba: mahindi, viazi, maharage na miti ya mbao. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani wa Misioni ya Berlin walijenga kituo hapo, nacho kilishambuliwa mwezi wa Septemba 1905, katika vita vya Maji Maji. Wamisioni wale walikuwa na makosa yao, wala hatuandiki ili kuwasifu. Walakini walishika desturi moja ifaayo kukumbukwa: mgeni aliketi kwanza akajifunza lugha ya wenyeji, ndipo akawafundisha watoto wao kusoma. Baadaye Kiswahili kilienea kwa njia ya shule na ya serikali. Na baada ya vita ya 1914 hadi 1918, nchi ilipotawaliwa na Waingereza, Kiingereza kikawa lugha ya cheo. Basi mtoto wa Yakobi hukuta lugha tatu zikimngoja. Nyumbani bibi yake humsalimu “Kamwene”. Shuleni husema Kiswahili. Na Kiingereza humngojea mlangoni pa sekondari.

Mlango huo umewashinda wengi. Tangu mwaka wa 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, bali katika sekondari karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Watu wa Njombe wana fungu lao katika habari hii. Jackson Makweta, aliyekuwa mbunge wa Njombe, aliongoza Tume ya Rais ya Elimu, ambayo mwaka wa 1982 ilishauri kwamba Kiswahili kitumike katika sekondari pia, kuanzia 1985. Serikali haikulipokea shauri hilo; mwaka wa 1983 ikasema Kiingereza kitabaki. Mwaka wa 1984 wachunguzi wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa taarifa yao juu ya Kiingereza katika shule za Tanzania, wakaonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakijui kiasi cha kufuata masomo yao. Nasi tulio karibu na watoto twayaona hayo kwa macho. Mtoto mwenye akili, aliyeweza kueleza habari za mimea na za maji alipokuwa shule ya msingi, huingia kidato cha kwanza akawa kama bubu. Hunakili maneno ya ubaoni bila kuyajua maana. Baba yake aliyeuza magunia ya viazi apate kununua sare na madaftari huambiwa kwamba mtoto si mwerevu, naye husadiki.

Kwa hiyo wazazi wakidai Kiingereza mapema, hatuwezi kuwalaumu. Hata mtaala wa serikali ulioanza kutumika mwaka wa 2024 umekiweka tangu darasa la kwanza. Lakini kuanza mapema na kuanza vema ni mambo mawili.

Neno ambalo huwaharibu watoto kuliko mengine ni kuwapa herufi za Kiingereza kabla hawajaimarika katika herufi za Kiswahili. Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo. A ni a siku zote, katika “mama” na katika “baba”. Katika Kiingereza herufi hiyo huitwa ei. Herufi e huitwa i. Na i huitwa ai. Fikirini mtoto ambaye juma lililopita ameanza kusoma neno “kiti”, akafurahi, akalisomea nyumba nzima. Leo mgeni mpole amwambia kwamba ile aliyoijua kuwa e, jina lake ni i. Mtoto habishani na mtu mzima. Huziacha zote mbili. Shauri letu ni hili, nasi twalisema wazi ingawa wazazi wengine hawatapendezwa: mtoto wa chekechea asifundishwe kusoma wala kuandika Kiingereza. Aachwe asome Kiswahili hata aweze bila kusitasita. Kiingereza kimwingie kwanza kwa sikio na kwa mdomo, na kwa mikono na miguu yake.

Njia yake ni nyepesi. Mwalimu asema “stand up”, naye mwenyewe asimama. Asema “sit down”, aketi. Watoto hutazama, hufuata, hucheka. Siku ya tatu mwalimu asema neno bila kutenda, aone ni nani aliyelishika. Halafu aongeze: gusa sikio, piga makofi, nenda mlangoni, lete jiwe. Watoto wasilazimishwe kusema upesi. Mtoto mchanga husikiliza mwaka mzima na zaidi kabla ya kusema neno la mama yake, wala hakuna amwitaye mjinga. Baada ya amri hizo yaje majina ya vitu, na vitu viwe vile vilivyopo: ndoo, jembe, kuni, gunzi la hindi, kuku apitaye nje, ukungu uliofunika shamba. Vitabu vingi vyaanza na picha ya tufaha. Katika Njombe hatuna neno, kwa kuwa matufaha hulimwa kwetu na watoto huyajua. Lakini vikifika herufi ya i na kuonyesha nyumba ya theluji ya watu wa kaskazini, mwalimu na afunge kitabu, aende nje na watoto wake.

Kuna jambo moja dogo ambalo mgeni hataliona asipoambiwa. Katika Kiswahili, na katika Kibena vilevile, twasema “yeye” kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiingereza hutenga “he” na “she”. Mtoto akisema “he” juu ya dada yake, hakosi kwa uvivu. Lugha yake haikumzoeza kutenga. Afundishwe kwa mchezo: mvulana mmoja na msichana mmoja wasimame mbele, na wengine wamwonyeshe kwa kidole yule atajwaye. Mchezo huu wafaa hata kwa watu wazima wa kwaya, kama tujuavyo.

Na ile salamu? Mpitie mgeni saa tisa ya alasiri karibu na shule yo yote ya kijijini, mtasikia watoto hamsini wakiimba “gudi moningi ticha”. Sauti ni nzuri. Lakini hakuna hata mmoja ajuaye kwamba amesalimu asubuhi. Wimbo unafaa sana kwa watoto, maana huzoeza ulimi. Ila mwalimu auvunje baadaye vipande vipande, amwulize mtoto mmoja mmoja, amngoje ajibu. Wala asiruhusu wenzake wamcheke. Mtoto aliyechekwa mara moja kwa sababu ya Kiingereza aweza kunyamaza miaka mingi. Tena dakika ishirini za kila siku zashinda saa mbili za Ijumaa.

Sasa tuje kwa wajitoleaji wenyewe. Wageni wengi hupenda kuja kati ya Juni na Agosti, kwa sababu ndiyo likizo kwao. Lakini mwezi wa Juni shule zetu hufungwa, hata mgeni hutumia majuma ya kwanza kungoja. Mwingine huja baada yake, asijue mwenzake alifundisha nini, akaanza tena na rangi na hesabu ya moja hadi kumi. Hivyo mtoto aweza kufundishwa kuhesabu hadi kumi na watu wanne, asipate mtu wa kumfundisha kumi na moja. Wazee wa usharika wasione haya kumwandikia rafiki wa ng'ambo mapema: njoo wakati shule imefunguliwa, ukae kadiri uwezavyo, nasi tutakupa daftari la aliyekutangulia.

Nasi kwa upande wetu twamtanguliza kijana wa Yakobi aliyemaliza kidato cha sita, awezaye kukaa mwaka mzima, kuliko mgeni mwenye matamshi safi akaaye majuma sita. Kijana huyu ajua Kibena. Mtoto akikwama, humweleza kwa neno moja. Ajua pia ni lugha gani iliyomtesa yeye mwenyewe. Mgeni ana kazi yake, nayo ni kubwa: kuwapa watoto, na zaidi waalimu wao, sauti ya lugha ilivyo kweli. Saa moja ya mazungumzo na mwalimu wa chekechea kila jioni, chai ikiwa mezani, yaweza kufaa kuliko asubuhi nzima ya nyimbo, kwa sababu mwalimu yule atawafundisha watoto wa mwakani na wa mwaka ujao. Ila kijana wetu naye apewe chakula, sabuni na nauli. Kujitolea si kufunga saumu.

Mambo ya sheria hatutayaandika kwa urefu. Mgeni wa kujitolea hana budi kupata kibali cha ukaazi, nacho kwa watu wa kujitolea ni cha daraja la C. Usharika uulize dayosisi kabla mgeni hajanunua tiketi. Asiachwe faragha na mtoto, awe mgeni au mwenyeji. Wala asipige picha za watoto akazitawanya bila wazazi kukubali.

Daftari lile tulilolitaja liwe la shule, si la mtu. Ndani yake ziandikwe nyimbo, michezo, maneno yaliyokwisha kufundishwa na siku yaliyofundishwa, kwa Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Tangu mwezi wa kwanza mjitoleaji afundishe pamoja na mwalimu wa chekechea, zamu kwa zamu. Katika juma lake la mwisho asifundishe kabisa. Aketi nyuma kwenye kibao cha watoto, amsikilize mwalimu akifundisha peke yake, na akitaka kumsahihisha, angoje mpaka watoto wamekwenda kunywa uji. Siku ya kuagana, daftari lifungiwe kabatini, na ufunguo ashike mwalimu.