Kwa Nini Brashi Ilishinda Kamera Kwenye Njia ya Tabora

Tarehe 24 Januari 1861 msafara wa wapelelezi John Hanning Speke na James Augustus Grant uliingia Kazeh, kitovu cha biashara cha Unyanyembe palipo Tabora ya leo, ukapokewa na mfanyabiashara wa Kihindi aliyejulikana kama Musa Mzuri. Kwenye mizigo ya wapagazi hapakuwa tena na kamera. Speke alikuwa ameirudisha pwani wangali njiani. Aliandika kwamba joto la ndani ya hema dogo ambamo Grant aliandaa vioo vyake vya picha lingemuua upesi. Grant, ofisa wa jeshi kutoka Uskoti, akabaki na penseli, karatasi na rangi za maji.

Ni rahisi kuilia kamera ile. Mimi siililii, na sababu zangu ni za fizikia na kemia.

Tuingie kwanza hemani. Njia ya kupiga picha iliyotawala zama hizo ilitumia kioo kilichopakwa kolodioni, yaani pamba iliyotiwa asidi ya nitriki kisha ikayeyushwa katika mchanganyiko wa etha na alkoholi. Gizani, kioo hicho kilizamishwa kwenye maji yenye nitrati ya fedha, kikapelekwa kwenye kamera, kikarudishwa gizani kuoshwa kwa dawa. Yote hayo yalipaswa kumalizika kioo kikiwa bado kibichi. Kikikauka, utando wake hufunga, na dawa haipenyi kuzifikia chembe za fedha. Kwa hiyo mpiga picha alikuwa akikimbizana na mvuke.

Na mvuke ni nini? Molekuli za kimiminika hazitulii. Kila wakati baadhi yake hupata kasi ya kutosha kuruka juu na kuondoka. Joto likizidi, zinazoruka huongezeka. Hewa iliyo juu yake hukandamiza, na pale msukumo wa mvuke unapolingana na kanieneo la hewa, kimiminika huchemka. Maji ya pwani hufika hapo kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ukipanda mlima, hewa iliyobaki juu yako hupungua, mkandamizo hulegea, na maji huchemka mapema zaidi, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Tabora, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96. Wasafiri wale waliijua kanuni hii vizuri, kwani waliitumia kupima miinuko: unachemsha maji, unasoma kipimajoto, unakokotoa. Mwaka 1858, katika safari ya awali, Speke alipima hivyo kando ya Ziwa Nyanza akapata kama mita 1,140. Vipimo vya siku hizi vinasema 1,134.

Sasa weka etha mahali pa maji. Etha safi huchemka kwenye nyuzi 35 tu, tena pwani. Kwa kanieneo la Tabora, ambalo ni kama asilimia 87 ya lile la baharini, kokotoo linatoa nyuzi 31 hivi. Mchana wa Oktoba mjini Tabora joto la kivulini hupita hapo. Ni kweli kwamba alkoholi iliyomo katika kolodioni huizuia etha kwa kiasi fulani. Lakini hema lililozibwa mwanga usiingie huzuia pia upepo usipite, kwa hiyo ndani yake joto hupanda kuliko nje, na mvuke wa etha hulevya na hushika moto kwa urahisi. Maji ya brashi hayana vituko hivyo. Yakikauka haraka, mchoraji huongeza tone.

Tuseme basi kwamba Grant angevumilia. Picha ingeonyesha nini?

Kolodioni huona urujuani na bluu, pamoja na mnururisho wa juu ya urujuani ambao sisi hatuuoni. Nyekundu kwake ni kiza, na kijani karibu hivyo hivyo. Ichukue nchi ya Unyamwezi, iliyoizunguka Kazeh, uiweke mbele ya kioo cha namna hiyo: udongo mwekundu unatoka mweusi, miombo inatoka myeusi, na mbingu ya bluu inatoka nyeupe tupu isiyo na wingu. Kisha kuna vilima vya mbali, na hapo ndipo utamu wa somo ulipo.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa mawimbi. Wimbi la bluu lina urefu wa nanomita 450 hivi, la nyekundu 650. Molekuli za hewa ni ndogo mno kuliko mawimbi hayo, na kitu kidogo kiasi hicho hutawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu: urefu wa wimbi ukipungua kwa nusu, mtawanyiko hukua mara 16. Kati ya nyekundu na bluu tofauti ni zaidi ya mara nne. Kanuni hiyo ilichapishwa na Mwingereza John William Strutt, baadaye Lord Rayleigh, mwaka 1871, muongo mzima baada ya Grant kupita Kazeh.

Kati ya jicho na kilima kilicho mbali kuna kilomita nyingi za hewa, na kila sehemu ya hewa hiyo inatawanya bluu kidogo kuelekea kwako huku ikipunguza kijani kinachotoka kilimani. Ndiyo maana kilima cha karibu huonekana kijani, kinachofuata bluu, na cha mwisho hafifu kiasi cha kutaka kuungana na mbingu. Kiangazi, mioto ya nyika inapowaka, chembe za moshi zinazolingana na mawimbi yenyewe au kuyazidi hutawanya rangi zote karibu sawa, na bluu ile hugeuka kijivu. Masika huja kuiosha. Grant, aliyekaa Unyamwezi tangu mvua za mwanzo wa 1861 hadi ndani ya kiangazi, alikuwa na nafasi ya kuziona hali zote mbili. Kioo cha kolodioni kingeipokea bluu ya vilima na ya mbingu kama weupe mmoja, na vilima vya mbali vingepotea.

Rangi ya maji, kinyume chake, imeumbwa kwa kazi hiyo. Ni chembe za rangi zilizosagwa na kushikizwa kwa gundi ya migunga. Ikipakwa nyembamba, mwanga hupita katikati ya chembe, hugonga weupe wa karatasi na kurudi. Mchoraji anayetaka kilima kikae mbali huzidisha maji, na weupe wa karatasi hufanya kazi ile ile inayofanywa na hewa. Pale anapotaka jabali la mbele lisimame, huongeza rangi na kupunguza maji. Kwa maoni yangu, brashi ilikuwa chombo cha sayansi kilichoifaa nchi hii kuliko mashine iliyorudishwa pwani.

Kilichofuata kinaudhi kidogo. Kitabu cha Speke kuhusu safari hiyo kilipotoka mwaka 1863, kilipambwa kwa michoro ya Grant, ila ilikuwa imechongwa upya kwa ajili ya mashine ya kuchapa, nyeusi kwa nyeupe. Wasomaji wa Ulaya wakaipata Unyamwezi bila udongo wake mwekundu, hasara ile ile ambayo kamera ingeleta. Michoro yenyewe ya rangi imehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti.

Grant alikusanya mimea pia, akaikausha na kuipeleka kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na orodha yake ikachapishwa na jumuiya ya kisayansi ya Linnean Society kati ya 1872 na 1875. Hapa tena rangi ni tatizo. Wekundu wa majani machanga ya miombo, yanayochipua kabla ya mvua, na wa maua mengi unatokana na anthosiani, na kemikali hiyo huharibika kwa mwanga, joto na hewa. Jani lililobanwa kati ya karatasi hulinda umbo na mishipa yake kwa karne, ila wekundu wake mara nyingi huishia kahawia. Mtaalamu wa mimea anayetaka kujua ua lilikuwa na rangi gani siku lilipochumwa hana budi kutafuta kilichoandikwa au kupakwa rangi siku ile ile, mchumaji akiwa bado amelishika mkononi.