Tone Dogo, Mboni Kubwa: Vidokezo 8 vya Siku ya Kupima Macho ya Mtoto

Tarehe ya kliniki imefika. Daktari anataka kupanua mboni ili aone retina vizuri na apate namba halisi ya miwani, maana watoto wana misuli ya macho yenye nguvu na bila dawa huweza kukidanganya kipimo bila wao kujua. Tatizo ni mwanao: akiona kichupa tu, anafunga macho kama benki siku ya Jumapili. Usihofu, mzazi mwenzangu. Dawa inayotakiwa ni kidogo mno, na ujanja wa kuiweka utaujua kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu.

1. Moja likiingia, inatosha

Tone la kichupa cha kawaida lina mikrolita 30 hadi 50 hivi. Linaonekana dogo, sivyo? Lakini hata jicho la mtu mzima halibebi zaidi ya mikrolita 30, tena kwa muda mfupi, kabla hajapepesa. Ziada huenda wapi? Nyingine inamwagika shavuni. Nyingine inaingia kwenye kitundu cha machozi kilicho kwenye kona ya jicho, inateremka puani mpaka kooni. Ndiyo maana mtoto anakunja uso na kusema mdomo ni mchungu, wakati dawa uliiweka jichoni! Na ikishafika puani inaingia kwenye damu, ambako haina kazi yoyote ya maana. Kwa hiyo ukiongeza tone la pili papo hapo "kwa uhakika", unaliosha la kwanza tu. Kama zimeandikwa dawa mbili tofauti, acha dakika tano katikati.

2. Uliza kwa adabu, uliza mapema

"Samahani sista, kwa uzito wake huyu, tone moja dogo linatosha?" Swali hilo halimkwazi mtu, na muuguzi mzuri atalipenda. Mwambie pia kama mtoto alizaliwa njiti, ana kifafa, ana shida ya moyo au aliwahi kudhurika na dawa. Kwa watoto wachanga kuna namna mbili za kupunguza dozi: kutumia dawa hafifu zaidi, kwa mfano saiklopentoleti ya asilimia 0.5 badala ya asilimia 1, au kupunguza ukubwa wa tone lenyewe. Uamuzi huo ni wa daktari. Wewe usijaribu kuichanganya dawa na maji nyumbani, hata kama jirani anaapa kwamba kwake ilifanya kazi.

3. Mama wa njiti, hiki ni chako

Hapa ndipo tone dogo lina maana kubwa kuliko popote. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati mishipa ya damu ya retina yake haijakomaa, na wakati mwingine huota vibaya mpaka kuivuta retina itoke mahali pake. Kwa macho yako huwezi kuona chochote, hata umwangalie kutwa. Ndiyo sababu kipimo cha kwanza hufanywa kwa kawaida akiwa na wiki nne hivi tangu azaliwe, na mboni lazima zipanuliwe.

Sasa fikiria: tone lilelile la mtu mzima linawekwa kwa kiumbe cha kilo moja na nusu. Likiingia kwenye damu linaweza kupandisha shinikizo la damu, kumfanya asite kupumua au tumbo lake likatae maziwa. Huko New Zealand watafiti wamejaribu tone dogo, sehemu tu ya lile la kichupa, na mboni za njiti zikapanuka vya kutosha kupimwa. Kwa hiyo uliza kama wodini kwenu wana kifaa cha kutoa tone la namna hiyo. Kama hawana, omba ziada ifutwe mara moja kwa pamba safi, na akae chini ya uangalizi baada ya dawa. Uliza pia ni saa ngapi umnyonyeshe kabla na baada ya kipimo. Usiogope kuonekana msumbufu.

4. Mlaze, afumbe, asikilize hadithi

Kushikana mieleka hakuna faida. Machozi ya kilio yanaisomba dawa yote. Mlaze chali, kichwa kikiwa sawa, umwambie afumbe macho. Dondosha tone kwenye kona ya ndani, karibu na pua. Halafu mpe sababu ya kufumbua: "Hebu tazama, nani kaingia pale mlangoni?" Akifumbua tu, dawa inajiingiza yenyewe. Hata anayejiona mjanja huwa hajui kimetokea nini.

5. Kidole kimoja, dakika moja

Bonyeza taratibu kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili, macho yakiwa yamefumbwa. Umeziba njia ya kwenda puani. Kisha futa shavu.

6. Beba subira, na mandazi

Macho yetu yenye rangi iliyokoza huchelewa kupanuka, kwa sababu rangi ile huishika dawa na kuiachia polepole. Nusu saa hadi dakika 45 ni kawaida, na muuguzi anaweza kurudia tone. Hajakosea. Usipange kurudi kazini saa nne.

7. Kofia kwanza, daladala baadaye

Jua la mchana litamchoma macho, na daftari litakuwa ukungu mtupu. Saiklopentoleti inaweza kukaa mpaka siku nzima. Atropini, dawa nyingine ya kupanua mboni, hata wiki mbili. Mwandikie mwalimu kikaratasi, la sivyo mtoto ataitwa mvivu bure.

8. Ukipewa kichupa cha kwenda nacho nyumbani

Baadhi ya madaktari huagiza atropini ianze nyumbani siku chache kabla ya kipimo. Andika ukutani saa ya kila tone, ili baba asiweke na mama naye akaweka. Nawa mikono ukimaliza. Ukijipikicha jicho, utaenda kazini na mboni moja kubwa na maelezo mengi. Kichupa kifungie juu kabisa, maana atropini ikinywewa ni sumu. Na ukiona uso umekuwa mwekundu, ngozi ya moto na kavu, moyo unaenda mbio, mtoto anaropoka au analala kupita kawaida, acha dawa na umkimbize hospitali, kichupa chenyewe kikiwa mkononi ili wasome jina la dawa.