Dizeli Itokanayo na Mimea: Tusome Kibandiko Kwanza



Tulipotembelea kikundi kimoja cha wakulima wa mbarika, mwenyekiti alituuliza swali ambalo tumelibeba mpaka leo. Kikundi chao kina lori la zamani, walilonunua kwa michango ya miaka mingi. Akasema: "Mbegu zetu zinakamuliwa, mafuta yanapelekwa ng'ambo yakawe dizeli. Sisi hapa tunanunua dizeli kwa bei ya kuumiza. Mbona tusikamue wenyewe tutie kwa lori?" Watu wakapiga makofi. Kumbe dereva alikuwa ameshajaza jerikeni moja, anangoja ruhusa tu.

Tulimwomba angoje kidogo. Swali lilikuwa la haki, na jibu lake ni refu kuliko tulivyodhani siku ile.

Kwamba mafuta yanakwenda ng'ambo ni kweli. Mwezi wa Julai 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu huko Wote, Makueni, na Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ilitoka Mombasa kwa meli kwenda Gela, kisiwani Sisilia. Lakini kilichopakiwa melini si dizeli. Ni mafuta ya mimea, na yakifika huko ndipo kazi inapoanza.

Basi tutofautishe vitu vitatu ambavyo watu huviita kwa jina moja.

Cha kwanza ni mafuta yenyewe, kama yalivyotoka kwenye kinu. Wako watakaokuambia kwamba mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli, iliendeshwa. Lakini injini za leo zina noseli zenye matundu membamba sana, zilizopimwa kwa ajili ya mafuta mepesi. Mafuta ya mimea ni mazito, na ya mbarika ni mazito kupita mengi. Hayanyunyiziki vizuri, hayaungui yote, yanaacha masizi kwenye noseli na ringi. Lori linaweza kwenda vizuri siku za kwanza, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Cha pili ni biodizeli. Hapa mafuta huchanganywa na methanoli na kostiki, ile ile inayojulikana na akina mama wanaotengeneza sabuni. Gliserini hutuama chini, biodizeli hukaa juu. Ukisikia hivyo utaona ni kazi rahisi ya nyuma ya nyumba. Tafadhali, msiijaribu. Methanoli ni sumu, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Mtu anaungua bila kuona miali.

Cha tatu ndicho kinachotengenezwa Gela: dizeli jadidifu. Mafuta hutiwa haidrojeni kwa joto kali na mgandamizo mkubwa mpaka oksijeni iliyomo inaondoka. Kinachobaki kinafanana kabisa na dizeli ya petroli kwa umbile lake, ingawa kilianzia shambani. Hiki hakiwezi kutengenezwa na kikundi, hata tukichanga miaka kumi.

Sasa tuje kwa vibandiko, maana siku hizi malori yaliyotumika Ulaya yanafika kwetu, na pia hutokea mtu na pipa lake akisema anauza "bio".

Herufi B ni ya biodizeli, na namba inayofuata ni kiasi chake katika kila mia. B7 maana yake biodizeli haizidi lita 7 katika lita 100. B20 ni mpaka lita 20, na B100 ni biodizeli tupu. Ulaya, tangu Oktoba 2018, pampu na magari mapya huwekwa alama hizi ndani ya mraba kwa mafuta ya aina ya dizeli. Petroli huwekewa duara. Fungua kifuniko cha tangi la lori uangalie upande wa ndani au karibu na mdomo wa tangi. Ukiona B7 peke yake, usitie B20. Ukiona pia XTL, basi lori hilo limeruhusiwa kutumia dizeli jadidifu ya aina hii, ambayo huitwa pia HVO.

Marekani utakuta R99 au R100. R ni ya dizeli jadidifu, na R99 ina lita 1 tu ya dizeli ya petroli katika mia. Kule biodizeli isiyozidi asilimia 5 huuzwa bila kibandiko chochote, kwa hiyo pampu kukosa kibandiko si ushahidi kwamba hakuna biodizeli ndani. Nako Japani, ambako malori yetu mengi yana asili, dizeli ya kawaida hairuhusiwi kuzidi asilimia hiyo hiyo 5. Mwenye lori lililoundwa kwa soko la Japani akumbuke hilo.

Mtauliza, kuna hasara gani namba ikipita? Biodizeli husafisha. Ni sifa nzuri mpaka uitie kwenye tangi lenye uchafu wa miaka 20: uchafu wote unabanduka na kukimbilia kwenye filta, lori linazimika mlimani likiwa na mzigo. Tena hulainisha mipira ya zamani ya mabomba, huvuta maji, na haifai kukaa kwenye pipa miezi mingi. Hata nguvu yake ni pungufu: lita ya B100 ina nguvu ndogo kuliko ya dizeli kwa karibu asilimia 8. Dizeli jadidifu haina taabu hizi za maji na uchafu.

Kwa hiyo mtu akija na pipa, mwulizeni ni B ngapi. Akisema "ni mafuta ya mimea tu, safi", mmeshapata jibu.

Turudi kwa dereva wetu. Jerikeni lake lilikuwa na mafuta ghafi ya mbarika. Tulipoyamimina kwenye kikombe yalishuka polepole kama asali, na mwenyekiti mwenyewe akacheka. Mafuta yalipakwa kwenye bawaba za stoo na mikanda ya ngozi. (Mashudu yake msiwape ng'ombe, yana sumu.) Kisha tukauliza kitabu cha lori kiko wapi. Hakuna aliyejua, mweka hazina wa zamani alihama nacho.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi chenye lori, trekta au kinu cha dizeli kijadiliane: kitabu cha injini kiko kwa nani? Kifuniko cha tangi kimeandikwa nini? Filta ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na iliandikwa wapi?