Karamu ya watu wengi, wapishi wawili

Swali: Tunaalika ndugu 60 nyumbani, na wapishi ni mimi na wifi yangu tu. Tupike nini siku moja kabla?

Jibu: Pikeni mapema chenye mchuzi, wali uacheni kwa siku yenyewe. Ndiyo maana nawashauri biriani badala ya pilau: rojo lake hupikwa mbali na wali, na likilala kwenye friji viungo huzidi kukolea nyama. Sambusa zifungeni jana yake, zigandisheni mbichi, mzikaange wageni wakikaribia. Kachumbari ikatwe mwisho, maana chumvi hutoa maji kwenye nyanya. Wapo watakaosema kiporo ni hatari. Hatari kubwa ni kupoa polepole: bakteria hustawi kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, na sufuria kubwa huchukua saa nyingi kupoa. Basi rojo ligaweni kwenye trei zenye kina kifupi, liingie kwenye friji ndani ya saa 2, na kesho yake litokote hadi katikati. Wali uliokaa nje hauna dawa hiyo, kwani sumu ya bakteria wake haiondoki kwa kupashwa moto. Mkifuata mpango huu, karamuni mtakaa na ndugu zenu.